Nyonga bandia bila saruji: kutosha si kujaza

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wagonjwa wa hapa Lubumbashi, hasa wazee waliofanya kazi karakana au migodini, ni hili: "Dokta, kama hamtii saruji, chuma hicho kitashikwa na nini?" Ni swali la mtu anayejua vitu vinavyofungwa na vinavyolegea, na jibu lake ndilo linaloongoza karibu kila tunachofanya tunapobadilisha nyonga kwa kiungo kisichotiwa saruji. Katika siku za kwanza chuma hushikwa kwa kubanwa tu, kwa sababu mfupa umechongwa kidogo pungufu ya ukubwa wake. Baadaye, ikiwa hakijatikisika, mfupa huota na kuingia katika vinyweleo vya uso wake, na kuanzia hapo ndipo kinaposhikwa kwa miaka mingi.

Naandika juu ya jambo hili kwa sababu madaktari vijana wanaopita kwetu huielewa haraka sehemu ya kwanza ya jibu hilo na kuisahau ya pili. Wakishasikia kwamba chuma kinapaswa kubanwa, hudhani kwamba kinachobanwa zaidi ndicho bora zaidi, na kwamba kazi ya mpasuaji ni kuujaza mfereji wa mfupa mpaka usibaki upenyo. Mimi nashikilia kwamba kutosha si kujaza. Kinachotafutwa ni kiungo kisichosogea wakati mfupa unapoota, na hali hiyo hupatikana kwa kugusana vizuri katika sehemu chache zilizochaguliwa, si kwa kugusana kila mahali.

Nyonga bandia ya kawaida ina vipande vinne. Shina huingia ndani ya mfereji wa fupa la paja. Juu ya shingo ya shina hukaa kichwa cha mviringo. Kichwa huzunguka ndani ya bitana ya plastiki ngumu au ya seramiki. Na bitana hiyo hukaa ndani ya kikombe cha metali kinachoingizwa katika tundu la nyonga. Vinavyogusa mfupa ni viwili tu, yaani shina na kikombe. Siku hizi kwa kawaida hutengenezwa kwa aloi ya titani, na uso wake huwa umekwaruzwa, au umefunikwa kwa tabaka lenye vinyweleo, au umepakwa haidroksiapatiti, ambayo ni madini ya kalsiamu na fosfati yanayofanana sana na yale yaliyomo katika mifupa yetu wenyewe. Vichwa vya metali vingi ni vya aloi ya kobalti na kromu, na huwa nawaambia wagonjwa, nusu kwa utani, kwamba huenda kobalti hiyo ilichimbwa hapa hapa Katanga, ikazunguka dunia, ikaturudia kwa bei ambayo mchimbaji wake hawezi kuilipa.

Aliyeufanya upasuaji huu uaminike ni John Charnley, huko Wrightington nchini Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye alitumia saruji ya akriliki. Saruji hiyo si gundi. Hupenya katika vitundu vya mfupa na kugandia humo. Miaka ilipopita, baadhi ya viungo vililegea na mfupa unaovizunguka ukaliwa, hasa kwa wagonjwa vijana, na katika miaka ya 1980 watu wengi waliilaumu saruji kiasi cha kuuita uharibifu huo ugonjwa wa saruji. Ilikuja kufahamika kwamba mkosaji mkubwa ni chembechembe za plastiki zinazotokana na msuguano, ambazo mwili huzishambulia na, katika kuzishambulia, huula mfupa wake wenyewe. Kwa hiyo saruji ilihukumiwa kwa kosa ambalo sehemu kubwa haikuwa lake. Lakini wakati huo kazi ya kutafuta viungo visivyoihitaji ilikuwa imekwisha shika kasi, ikisaidiwa na yale aliyoyaona Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi katika miaka ya 1950, kwamba titani iliyowekwa ndani ya mifupa ya sungura hushikana nayo kiasi cha kutong'oka. Mwaka 1985 na 1986, Ronald Furlong huko Uingereza na Rudolph Geesink huko Uholanzi walianza kuwawekea wagonjwa mashina yaliyopakwa haidroksiapatiti, na shina la Corail, ambalo bado linatumiwa sana duniani, lilianza huko Ufaransa mwaka 1986.

Sasa nifike kwenye vipimo, kwa kuwa bila vipimo mazungumzo ya kutosha na kutotosha huwa ya kubahatisha. Majaribio yaliyofanywa kwa wanyama tangu miaka ya 1980 yalionyesha kwamba kiungo kinachosogea chini ya takriban mikroni 40 kila kinapobebeshwa uzito huotewa na mfupa, na kwamba kinachosogea zaidi ya takriban mikroni 150 huzungukwa na utando wa nyuzinyuzi mahali pa mfupa. Mikroni 150 ni chini ya moja ya sita ya milimita. Nafasi tupu kati ya chuma na mfupa nayo ina mpaka wake, kwa maana ikizidi milimita 1 au 2 mfupa hauivuki kwa uhakika, hata kama uso wa chuma ni mzuri namna gani. Utando ninaousema hauonekani siku ya upasuaji wala wiki ya pili yake. Kidonda hupona, mgonjwa huanza kutembea, ndugu hushukuru. Kisha, baada ya miezi, paja huanza kuuma kila anapoinuka kitini, na hatua tatu za kwanza huwa chungu kuliko zinazofuata. Mgonjwa anayenieleza maumivu ya namna hiyo huwa ameniambia habari ya shina lake kabla sijaiona picha.

Mjini kwetu karibu kila ukoo una mtu aliyekuwa fundi katika karakana za Gécamines, kampuni ya migodi, na mafundi hao wanajua jinsi beringi inavyokazwa ndani ya nyumba yake: tundu huchongwa dogo kuliko beringi kwa sehemu ndogo sana ya milimita, kisha beringi husukumwa humo kwa nguvu. Mfano huo humsaidia mgonjwa kuelewa, lakini humpotosha mpasuaji anayeushika mno. Chuma kilichokazwa ndani ya chuma hubaki kimekazwa. Mfupa ulio hai hutanuka, halafu hulegeza polepole sehemu ya mkazo wake, hivi kwamba nguvu ya kubana iliyokuwapo nyundo ilipotua huwa imepungua dakika chache baadaye. Tena mfupa hupasuka, na ufa wake huweza kuwa mwembamba kiasi cha kufichwa na damu.

Iko sababu nyingine ya kutojaza, nayo ni ya miaka ijayo. Ugumu wa ganda la mfupa ni gigapaskali 15 hadi 20 hivi, wa aloi ya titani ni karibu 110, na wa aloi ya kobalti na kromu unapita 200. Shina nene linaloshika chini kabisa ya mfereji huuchukua uzito uliopaswa kubebwa na mfupa wa juu na kuupitisha moja kwa moja hadi chini, na mfupa usiobebeshwa kazi hukonda mwaka hadi mwaka. Unene una gharama kubwa kuliko unavyoonekana kwa macho: ukakamavu wa fimbo ya mviringo dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo shina la milimita 16 ni gumu kupinda kwa zaidi ya mara tatu kuliko la milimita 12 lililotengenezwa kwa metali ile ile. Anayepanda saizi moja au mbili ili picha ipendeze ananunua pia matokeo yake.

Kazi ya kutosha huanza na eksirei. Picha ya eksirei hukuza, mara nyingi kwa asilimia 15 hadi 20, na kiasi hicho hubadilika kati ya mtu mwembamba na mnene kwa kuwa mfupa wa mtu mnene huwa mbali zaidi na filamu. Kwa sababu hiyo tunaweka gololi ya chuma ya milimita 25, iliyonunuliwa kwa wauza beringi na kuhakikishwa kwa kalipa, kando ya paja la mgonjwa, kwenye kimo kile kile cha mfupa. Ikionekana katika filamu na kipenyo cha milimita 30, tunajua kwamba picha imekuza kwa asilimia 20, na kwamba mfereji unaosomeka milimita 14.4 kwa hakika una milimita 12. Gololi ikiachwa mezani kwa kuwa mgonjwa anaumia akitanua miguu, itakuzwa kidogo kuliko mfupa, hesabu itauona mfereji mpana kuliko ulivyo, nasi tutaingia chumba cha upasuaji tukitarajia shina ambalo haliwezi kuingia. Napenda kuwa pale picha inapopigwa. Mguu nao hugeuzwa ndani nyuzi 15 hadi 20 ili shingo ya mfupa ionekane kwa urefu wake wote. Nyonga iliyokakamaa ikikataa kugeuka, na mara nyingi hukataa, tunapima upande ulio mzima na kuvihamishia vipimo hivyo upande mgonjwa kwa hesabu.

Picha hiyo ndiyo inayotuambia pia aina ya mfupa. Larry Dorr wa Marekani na wenzake waliigawa mifupa ya paja katika makundi matatu, A, B na C. Mfupa wa kundi A una ganda nene, mfereji mpana juu na mwembamba sana chini. Wa C una ganda jembamba na mfereji ulio mpana tangu juu mpaka chini. B uko katikati na hauna taabu nyingi. Hatari ya kundi A ni kwamba ncha ya shina hukwama chini kabla sehemu ya juu haijagusa mfupa ipasavyo. Nyundo inapiga, shina halishuki, kila mtu chumbani anaridhika kwamba limebana, kumbe limebanwa mahali pasipotakiwa na huko juu, palipo na tabaka la kuotewa, linaelea. Dawa yake ni kuupanua mfereji wa chini kidogo kwa kichongeo kabla ya kuendelea, au kuchagua shina fupi au jembamba la chini, na si kuongeza nguvu ya mkono. Kundi C lina hatari ya kinyume, nami nitalirudia.

Mashina yenyewe hayashiki mahali pamoja. Lile bapa lenye umbo la kabari hushika kwa pande mbili katika sehemu ya juu ya mfupa. Lile la mduara lililopakwa mwili mzima huhitaji sentimita 4 hadi 5 za kukwaruzana na ganda katika sehemu nyembamba ya mfereji. Lile lenye umbo la pia na mbavu ndefu, ambalo mpasuaji Heinz Wagner wa Ujerumani alilibuni, hukata ganda kwa mbavu zake na hufaa mifereji myembamba au iliyogeuka. Kujua shina ulilo nalo linashika wapi ni sharti la kwanza, kwa sababu kuna watu wanaolitumia shina la kabari kisha wakahangaika kwa nini halijajaza mfereji chini, mahali ambapo halikuumbwa kushika.

Katika upasuaji, sehemu inayoamua ni tupa. Mfereji huandaliwa kwa tupa zinazofuatana kwa ukubwa, kila moja ikiwa na umbo la shina la saizi yake, na tupa ya mwisho ndiyo inayochora nafasi ambamo shina litakaa. Tupa za mashina yaliyopakwa haidroksiapatiti kwa kawaida hazina kazi ya kuondoa mfupa laini bali ya kuushindilia, ili kuwe na tandiko la mfupa ulio hai kati ya chuma na ganda. Makosa mengi ya saizi huanzia mlangoni. Tundu la kuingilia likifunguliwa ndani mno, karibu na shingo, tupa ya kwanza huelekea nje ya paja kwa ncha yake, zinazofuata huifuata njia hiyo hiyo, na shina huishia limeinama, likigusa ganda kwa ncha upande mmoja na kwa bega, yaani pembe yake ya juu, upande mwingine. Hapo mpasuaji husimama akiwa na saizi ndogo kwa moja au mbili, huku akiamini kwamba mfereji umejaa. Ndiyo maana tunasogea nje na nyuma mpaka tuiume kwa patasi trokanta kubwa yenyewe, yaani kile kinundu cha nje juu ya fupa la paja, ingawa kwa macho inaonekana kama kuharibu mfupa mzima. Tena picha ya mbele pekee hudanganya: fupa la paja lina upinde wa kwenda mbele, na shina lililonyooka huligusa ganda katika sehemu tatu tu likitazamwa kwa ubavu, hata kama kwa mbele linaonekana limetua pote.

Jinsi ya kujua kwamba imetosha haisomeki vizuri vitabuni. Nyundo inapopiga tupa ambayo bado inashuka, sauti yake ni nzito na butu; tupa inapokaribia kutua, sauti hupanda na kuwa kali. Muuguzi wetu wa vyombo, mama mwenye miaka mingi kuliko mimi katika chumba cha upasuaji, huisikia mapema kuliko wasaidizi wangu, na akisema "Dokta, imebadilika," nasimamisha nyundo nitazame. Natazama mambo mawili. La kwanza, mapigo mawili au matatu yenye nguvu ile ile yaiache tupa pale pale, isishuke hata kidogo. La pili, ambalo nalithamini zaidi, nikishika mpini wa tupa na kuuzungusha kwa kadiri ya nguvu za kifundo cha mkono, paja lote ligeuke pamoja nao; tupa ikigeuka ndani ya paja, hata kwa kiasi cha unywele, saizi inayofuata inaitwa. Tupa nyingi ambazo hazishuki zimeshindwa mtihani wa pili. Kushuka huzuiwa na ncha iliyokwama. Kuzunguka huzuiwa na sehemu ya juu tu, na kuzunguka ndiko kunakoliharibu shina baadaye.

Baada ya hapo husubiri. Nikishaitua tupa ya mwisho huiacha humo kwa muda huku tukijaribu urefu wa mguu na uthabiti wa kichwa cha majaribio, na ule muda wenyewe humpa mfupa nafasi ya kulegeza mkazo wake kabla shina halijaja. Shina huwa nene kuliko tupa kwa unene wa tabaka lake, hivyo huingia kwa mkono mpaka karibu nusu au theluthi mbili, na kumalizikia kwa mapigo mafupi yenye vituo kati yake. Likisimama milimita 2 juu ya alama ya tupa na sauti ikawa imekwisha kuwa kali, sipigi tena kwa hasira. Nalitoa nione kama kuna kipande cha mfupa kilichoanguka ndani. Likishuka ghafla kwa wepesi baada ya kuwa limegoma, na sauti ikarudi kuwa butu, hiyo si habari njema, ni ufa. Hapo huondolewa, ukingo wa ndani wa shingo hupanguswa damu na kutazamwa kwa makini kuelekea trokanta ndogo, kinundu cha upande wa ndani, waya hufungwa kuzunguka mfupa, na shina hurudishwa. Ufa ulioonekana na kufungwa pale pale kwa kawaida hupona bila kuharibu matokeo. Usioonekana huendelea kufunguka mgonjwa anapoanza kukanyaga.

Kwa upande wa kikombe nitakuwa mfupi, kwa sababu kanuni ni ile ile na mfupa wa tundu la nyonga husamehe zaidi. Tundu huchongwa kwa vichongeo vya nusu duara mpaka gegedu iishe na mfupa uanze kutoa vitone vya damu, bila kuila sakafu yake, kwa maana kikombe hubanwa na ukingo wa tundu zaidi ya sakafu. Kwa kawaida kichongeo cha mwisho huwa kidogo kuliko kikombe kwa milimita 1, na kwa mfupa laini milimita 2. Kupita hapo ni kutafuta kuupasua ukingo. Nafasi ndogo nyuma ya kikombe, isiyozidi milimita 1 au 2, haininyimi usingizi, kwa sababu mara nyingi hujaa mfupa yenyewe. Mtihani ni wa kushika mpini wa kuingizia kikombe na kuusukuma kila upande: mgonjwa mzima atikisike juu ya meza, kikombe kisitikisike ndani yake. Kisipofaulu, huongezwa skrubu, ambazo huelekezwa nyuma na juu palipo na mfupa wa kutosha, kamwe si mbele, ambako ncha ya skrubu huweza kufika kwenye mishipa mikubwa ya damu.

Yote niliyoyasema hadi hapa yameandikwa kwa kuwatazama wagonjwa wa Ulaya na Marekani, ambao wengi wao ni wazee wenye gegedu iliyosagika. Wanaokuja kwetu kutoka Katuba, Kenya na Ruashi, ambayo ni mitaa ya mji wetu, au kutoka mji wa Likasi kwa basi mara nyingi ni vijana, na kichwa cha fupa lao la paja kimekufa kwa kukosa damu. Sababu mojawapo kubwa ni selimundu, ambayo watu hapa huiita drepano. Seli za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo ndani ya mfupa, sehemu zake hufa na kupona kwa kuacha makovu magumu, na makovu hayo hayako katika kichwa cha mfupa pekee. Yanaweza kuwa katikati ya mfereji, yakiwa yameufanya mwembamba au kuuziba kabisa, na katika eksirei huonekana kama mfupa mwingine umejengwa ndani ya mfupa wa kwanza. Tupa ikipigwa katika mfereji wa namna hiyo huitafuta njia rahisi, na njia rahisi ni kutoboa ganda na kutoka nje.

Kwa mgonjwa huyo sianzi na tupa. Naanza na waya wa kuongoza, nikiutazama kwa mashine ya eksirei ya chumbani kwa mbele na kwa ubavu, kisha vichongeo vyembamba vinavyopita juu ya waya huo vikipanda kwa nusu milimita nusu milimita, na ndipo tupa ndogo kuliko zote inapoingia. Umeme ukikatika katikati ya hatua hiyo, tunangoja jenereta. Kutoboa bila kuona si ujasiri. Mfupa wenye makovu hautoi damu, na mfupa usiotoa damu hauoti, kwa hiyo inabidi kuchonga mpaka madoa ya damu yaonekane walau katika sehemu zile ambazo shina litategemea. Tundu la nyonga kwa wagonjwa hao hao huweza kuwa kinyume kabisa, laini kwa sababu uboho wake umetanuka, hivi kwamba kichongeo kikisukumwa kwa nguvu ya kawaida hupita sakafu. Mkono mmoja unakutana na jiwe pajani na sifongo nyongani katika saa moja. Bado nadhani kiungo kisicho na saruji ndicho kinachowafaa, kwa umri wao na kwa kuwa saruji haipenyi vizuri katika mfupa uliokakamaa, lakini kinawafaa pale tu ambapo matayarisho yamefanyika, pamoja na yale yasiyo ya mfupa: damu ya akiba, maji ya kutosha, oksijeni, mwili kutopoa, na tahadhari kubwa dhidi ya maambukizi.

Tatizo letu lililo wazi zaidi ni sanduku. Viungo huja mara nyingi kwa barabara kupitia Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, vikiwa vimepangwa kwa saizi za watu wa kwingine, zile za katikati zikiwa nyingi na zile ndogo kabisa zikiwa hazipo. Hakuna ustadi wa mkono unaoweza kulifidia shina ambalo halimo sandukuni. Msimamo wangu, ambao umewaudhi baadhi ya wasimamizi na wagonjwa waliokwisha kukusanya fedha kwa ukoo mzima, ni kwamba tarehe haitajwi mpaka saizi iliyopangwa, moja ya chini yake na moja ya juu yake ziwe mezani, nimeziona mimi mwenyewe, pamoja na waya wa kufungia mfupa na shina lenye mbavu kwa ajili ya dharura. Kuahirisha kwa wiki kadhaa kunaumiza. Kuweka saizi isiyo yake kwa sababu ndiyo iliyopo kunaumiza kwa miaka.

Niliahidi kulirudia kundi C. Mama wa miaka 75 aliyevunjika shingo ya paja, au mtu aliyelala miezi mingi kwa mganga wa mifupa kabla ya kuletwa, ana ganda jembamba ambalo litapasuka kabla halijabana. Rejista za kitaifa za nchi zilizoanza kuhesabu mapema, Uswidi ikiwa ya kwanza mwaka 1979, zinaonyesha wazi kwamba kwa wazee, hasa wanawake, mashina yasiyo na saruji huandamana na kuvunjika kwa mfupa zaidi ya yale ya saruji. Kwao natumia saruji bila kuona haya, ingawa mwezi wa Oktoba, joto linapopanda, huganda upesi kuliko inavyosemwa katika maelezo yake na hutulazimu kuiweka kwenye friji kabla ya kuitumia.

Shina likishakaa, swali la nyumbani huwa kukaa. Georg Bergmann na wenzake huko Berlin waliweka viungo vyenye vipima nguvu ndani ya wagonjwa, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001 yalionyesha kwamba kutembea kwa kawaida huibebesha nyonga takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, na kwamba kupanda ngazi hulisokota shina kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko kutembea. Kuinuka kutoka kiti cha chini nako hulisokota. Kwa hiyo mama anayepika kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, akiwa ameketi juu ya kigoda anaujaribu ule mtihani wa pili wa tupa mara nyingi kwa siku, na choo cha kuchuchumaa huongeza hatari ya kichwa kuchomoka. Kwa shina lililofaulu mitihani yote miwili naruhusu kukanyaga kwa uzito wote mapema, kwa magongo. Kwa lililofungwa waya, naomba uzito wa nusu kwa wiki sita. Kigoda nakizuia kwa miezi mitatu kwa wote, na huwaomba mabinti wa nyumbani waiinue mbabula juu ya matofali ili mama apike akiwa kwenye kiti.

Picha za kufuatilia hupigwa baada ya wiki sita, miezi mitatu na mwaka mmoja, kwa namna ile ile na gololi ile ile, kwa sababu picha mbili zilizokuzwa tofauti haziwezi kulinganishwa. Napima umbali kutoka ncha ya trokanta kubwa hadi bega la shina. Shina lililozama milimita 1 au 2 katika wiki za kwanza kisha likasimama, kwa kawaida limejitafutia mahali pake, na mgonjwa haambiwi la kumtia hofu. Lililozama tena kati ya mwezi wa tatu na mwaka halijashikwa. Baada ya mwaka natafuta ishara ambazo Charles Engh wa Marekani alizieleza: vijidaraja vya mfupa mpya kutoka kwenye ganda hadi pale tabaka lenye vinyweleo linapoishia, na kukosekana kwa mstari mweusi kando ya tabaka hilo. Mstari ukiwapo pande zote, na chini ya ncha ya shina kukawa na kitako cha mfupa mgumu kilichouziba mfereji, namwita mgonjwa na wanaomsindikiza, nawaonyesha picha hizo tatu kwa mfuatano, na tunaanza kuzungumza juu ya kulibadilisha kabla halijauchakaza mfupa uliobaki.